Kushuka Bandarini na Bibi

Mitihani ya mwisho ikikaribia, sisi wanafunzi wa Dodoma tunaotoka visiwani huanza kuulizana swali moja tu: "Unashukaje?" Mtu wa Singida au wa Kondoa hawezi kuuelewa uzito wa swali hilo. Yeye akishapanda basi, amekwenda kwao. Sisi tukipanda basi tumeanza tu. Mbele kuna Dar es Salaam, ndani ya Dar es Salaam kuna bandari, na bandarini kuna boti ambayo haimjui mtu wala haimsubiri mtu. Ikikuacha ile ya alasiri, boti za kasi kwa siku hiyo ndiyo basi tena. Unatafuta pa kulala kwa pesa ambayo hukuipangia, na boom lenyewe unalijua linavyoisha.

Kwa hiyo kila mmoja ana dini yake ya safari, na anaitetea kwa nguvu zote.

Wapo wa basi la usiku. Hawa waliongezeka baada ya serikali kuruhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023. Hoja yao ni moja na ni nzito: unalala ndani ya basi, hulipi gesti. Unaondoka Dodoma jioni, unapita Gairo, Morogoro na Chalinze ukiwa umeegemea dirisha, alfajiri uko Mbezi Luis kwenye stendi ya Magufuli. Kutoka hapo hadi bandarini ni zaidi ya kilomita 20, lakini ni alfajiri, foleni haijaamka vizuri. Unaingia kwenye mwendokasi na begi lako, unasimama mguu mmoja, unafika mjini. Rumeti wangu ni wa madhehebu haya. Ana mto wake wa shingo na mtandio wa kujifunika uso, na anasema hajawahi kukosa boti ya saa tatu na nusu.

Wapo wa basi la alfajiri. Hawa ni wachache sasa, na kwa maoni yangu wanacheza kamari. Dodoma hadi Dar ni kama kilomita 450, na dereva akiwa mwema na barabara ikiwa nyeupe, mchana unaingia Kibaha. Tatizo ni kwamba Kibaha siyo Dar, na Mbezi siyo bandari. Ni katika hicho kipande cha mwisho ambapo watu wameiona boti ya saa kumi ikiondoka huku wamekaa kwenye foleni wakitazama saa ya simu.

Halafu, tangu Julai 2024 treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma, wapo wa treni. Nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa ilikuwa shilingi 31,000. Safari ni ya saa tatu na kitu, nne ukipenda kuhesabu kwa ukarimu. Lakini uzuri wenyewe kwetu sisi wa boti hauko kwenye kasi. Uko pale treni inapokuteremsha. Stesheni ya Dar iko mjini, pale pale karibu na stesheni ya zamani ya reli ya Mjerumani, na kutoka hapo hadi kwenye boti za Unguja hakufiki kilomita mbili. Mwenye begi dogo anatembea.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Ukimwambia mtu wa Dar "nipeleke Feri", atakupeleka kwenye pantoni la Kigamboni, karibu na soko la samaki, na hapo hutaona boti ya Unguja. Vivyo hivyo ukipanda mwendokasi mpaka mwisho, Kivukoni, umeshapitiliza. Shuka Posta ya Zamani, kisha rudi nyuma kwa miguu kuifuata Sokoine Drive mpaka ulione Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Boti ziko mkabala wake. Mnara wa kanisa unaonekana mbali, na ndio alama niliyofundishwa mimi, Muislamu wa Jambiani, kuitafuta kila ninaporudi nyumbani.

Mimi mwenyewe sikuwa na dini ya kudumu. Nilikuwa napanda kilichopo, kulingana na salio. Mpaka Julai hii, niliposhuka na bibi.

Bibi yangu, mama yake baba, alifanyiwa upasuaji wa goti katika hospitali moja hapa Dodoma mwishoni mwa Mei. Goti lenyewe lilikwisha siku nyingi. Bibi amelima mwani Jambiani miaka na miaka, na anayejua kazi ya mwani anajua kwamba ni kazi ya kuinama: kufunga mbegu kwenye kamba umeinama, kupigilia mambo umeinama, kuvuna umeinama, kisha unabeba gunia bichi kichwani mpaka ufukweni huku mawimbi yanakusukuma. Baada ya upasuaji alikaa Area C kwa shangazi, na mimi kila Jumamosi nilikuwa nakwenda kumfanyisha mazoezi. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alinikalisha chini akanipa masharti kama mwalimu wa darasa la kwanza. Asikae kitako zaidi ya saa moja bila kusimama na kunyoosha mguu. Asichuchumae kabisa. Ngazi apande kwa mguu mzima, ashuke kwa mguu mgonjwa kwanza. Na asikubali kuharakishwa na mtu.

Baba alipiga simu kutoka Unguja wiki ya mitihani. Alikuwa amepanga kila kitu. Boti angeikata yeye mwenyewe kule, na kwa safari ya nchi kavu angenitumia laki moja na ishirini, kwa watu wawili.

"Njooni na basi la usiku," akasema. "Asubuhi mko bandarini. Hiyo pesa itabaki na nyingine."

Kwa hesabu ya karatasi alikuwa sahihi. Nilikaa na daftari langu nikachora jedwali kama tunavyochora kwenye andalio la somo: basi la usiku, basi la alfajiri, treni. Nikaweka safu ya nauli, safu ya muda, safu ya pa kulala. Ndege sikuiandika. Bibi alishasema goti ni la chuma sasa, hataki litie mashaka kwenye mashine za uwanja wa ndege, na nauli yenyewe ingemfanya baba akate simu. Basi la usiku lilishinda kwenye kila safu isipokuwa muda. Jumamosi nikaenda na jedwali langu Area C.

Shikamoo, marahaba, chai ikaja. Bibi akavaa miwani, akasoma karatasi yote polepole. Kisha akauliza, "Na maji je?"

"Tutanunua chupa njiani, bibi."

Alicheka mpaka akashika goti. "Maji ya bahari, mwanangu we! Umeandika mabasi na matreni, kama vile tunakwenda Morogoro. Sisi tunakwenda kupanda chombo."

Basi akanieleza, na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu tumezaliwa pwani wengi wetu na hatuyajui haya. Maji ya bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani siku za mwanzo wa mwezi na zile za kumi na nne, kumi na tano, ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita tatu, urefu wa dari ya chumba. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, kwenye siku ya saba au ya nane na tena ya ishirini na mbili au na tatu, ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana. Na kwa pwani yetu saa zake hazibadiliki ovyo. Siku za bamvua, maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume chake. Wakulima wa mwani hawana haja ya ratiba iliyochapishwa, kwa sababu kazi yao ni ya bamvua, asubuhi, maji yakiwa mbali. Bibi ameishi kwa saa hiyo maisha yake yote.

"Sasa," akasema, "ukinipeleka bamvua saa tatu, maji yako chini, boti iko chini, lile daraja la kupandia limeinama hivi." Akanionyesha kwa kiganja. "Watu mia tatu nyuma yangu na mabegi. Mimi nashuka kwa mguu gani?"

Kwa mguu mgonjwa kwanza, bibi. Asikubali kuharakishwa na mtu. Nilikuwa nimeyaandika masharti yale kwenye daftari lile lile, kurasa mbili kabla ya jedwali.

Akaendelea. Boti ya alasiri hataki. Julai ni kusi. Asubuhi upepo unakuwa bado na adabu, mchana unasimama, na huko katikati chombo kinaanza kucheza. Tena ana sababu nyingine ambayo huwa haisemi kwa sauti. Tarehe 18 Julai 2012, mchana, MV Skagit iliondoka Dar kwenda Unguja na ikazama karibu na Chumbe, mwezi huu huu, kwenye upepo huu huu. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka redio, na watu wazima wamekaa barazani hawazungumzi. Tangu hapo bibi hapandi boti ya mchana wakati wa kusi, na hakuna aliyewahi kujaribu kumbadilisha.

Kwa hiyo ikabaki boti ya asubuhi, siku ya maji mafu. Bibi akahesabu kwa vidole: mwezi ulioandama ni Mfunguo Nne, siku ya ishirini na mbili inaangukia wiki ijayo. Saa tatu na nusu, maji yanakaribia kujaa, na hata yasipojaa yote ni mafu, daraja litakuwa karibu sawa. Ya saa moja asubuhi akaikataa, maana ingetulazimisha kuamka usiku na asingepata muda wa kulilainisha goti.

Wenzangu wa Ualimu wataelewa nilichokiona hapo. Tunafundishwa kwamba andalio la somo linaanzia mwisho: mwanafunzi atoke darasani akiweza nini? Ukishajua hilo ndipo unachagua mbinu na zana. Mwaka wa pili nilipata alama nzuri kwenye swali hilo. Bibi aliishia darasa la nne, lakini alianzia mwisho kabisa, kwenye hatua tano au sita kati ya gati na boti, na kutoka hapo akarudi nyuma kidogo kidogo mpaka Dodoma.

Tukarudi naye pamoja. Kama boti ni ya saa tatu na nusu, bandarini tuwe tumefika saa mbili, bila kukimbia. Basi la usiku linaweza kutufikisha Mbezi kwa wakati, hilo sikatai. Lakini ndani ya basi bibi angekaa kitako saa nane. Angesimama wapi? Njia ya katikati ina mabegi na ndoo. Na kuna jambo ambalo kwenye majedwali yetu huwa hatuliandiki: basi likisimama watu wakachimbe dawa, wengine wanaingia kichakani na wengine kwenye choo cha kuchuchumaa, kwa dakika kumi, dereva akipiga honi. Bibi hawezi kuchuchumaa. Sasa afanyeje, asinywe maji saa nane? Shangazi, aliyekuwa kimya akikunja nguo, akasema ndivyo mama yake alivyokuja kutoka Dar mwezi wa Mei. Hakunywa kitu tangu Mbezi. Nilikuwa sijui. Bibi akamtupia jicho la kumnyamazisha, lakini lilishatoka.

Hapo jedwali langu likapata safu mpya, choo, na treni ikashinda peke yake. Treni ina choo cha kukaa. Ina njia ya kutembea, na saa yake moja ikipita unasimama, unakwenda mpaka mwisho wa behewa na kurudi.

Ilibaki pa kulala. Tuna jamaa Kariakoo, watu wakarimu, lakini wanakaa ghorofa ya tatu na jengo halina lifti. Bibi alipenda sana kwenda kuwaona. Akazihesabu ngazi kichwani, akatikisa kichwa. "Basi gesti," akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali kufungwa jela. "Lakini chumba cha chini. Na choo uulize."

Nikapiga simu gesti nne za karibu na stesheni. Mjaribu siku moja, ni zoezi zuri la kujiamini kuliko mazoezi ya kufundisha. "Habari za kazi, samahani, choo chenu ni cha kukaa au cha kuchuchumaa?" Wa kwanza alikata. Wa pili aliniuliza kama mimi ni mtu wa afya. Wa tatu, mama mmoja, alisema cha kukaa kipo, chumba namba mbili, chini, elfu thelathini, na akaniuliza, "Una mgonjwa, mwanangu?" Nikajua tumepata.

Kazi ngumu ilikuwa baba. Nilimpigia nikamsomea hesabu: treni watu wawili 62,000. Teksi kutoka Area C mpaka stesheni 8,000. Stesheni mpaka gesti 5,000. Gesti 30,000. Asubuhi mpaka bandarini 5,000. Jumla 110,000, inabaki elfu kumi ya chakula na mbeba mizigo. Hakuna "nyingine itakayobaki".

Akanyamaza. Namjua baba, hana roho mbaya, ila ana wadogo zangu wawili sekondari, na hiyo pesa iliyokuwa ibaki ilikuwa na jina la mtu tayari.

"Basi la usiku lina tatizo gani hasa?" akauliza. "Watu wote wanapanda."

Nikamwambia mama yako alikuja huku saa nane bila kunywa maji.

Simu ilikuwa kimya mpaka nikadhani imekatika. Kisha akasema, "Boti ya saa ngapi amesema?" Nikamwambia. "Na siku gani?" Nikamwambia ishirini na mbili. Akaguna, kisha akacheka kidogo. "Maji mafu," akasema. "Haya. Nitakata."

Safari yenyewe ilikwenda bila makubwa, na sina mengi ya kusimulia. Tulipanda treni ya alasiri. Stesheni wanataka ufike mapema, mizigo inapita kwenye mashine, kitambulisho mkononi, na kwa mtu wa goti jipya huko kufika mapema ni nafuu tupu. Kila saa moja simu yangu ililia na bibi akainuka, akashika migongo ya viti, akaenda na kurudi, akiwasalimia watu wote njiani kama mgombea. Kwenye mahandaki ya Kilosa dirisha lilipogeuka jeusi ghafla alisoma dua kwa sauti, na mtoto wa kiti cha mbele akamgeukia akamuuliza kama anaogopa. "Naogopa kidogo," akamjibu. "Na wewe?" Morogoro alikunywa maji chupa nzima. Nilimtazama mpaka akaniuliza nina nini.

Dar tulifika giza limeshaingia. Dereva wa kwanza wa teksi aliposikia tunakwenda mtaa wa jirani alikataa, na wa pili akataka elfu kumi. Hili lisemwe wazi: ukaribu wa stesheni na bandari, tunaousifia sana, ni faida ya mwenye miguu. Kwa mtu asiyeweza kutembea kilomita moja na nusu, umbali mfupi ni balaa, kwa sababu hakuna anayetaka pesa yako ndogo. Meli za watalii zinapotia nanga, abiria wake huteremka wakakuta basi linawasubiri kwenye ngazi. Sisi tulikuwa na begi, mkongojo, na bibi anayemwambia dereva wa tatu, "Baba, nina goti la hospitali, sema bei yako ya haki." Akasema elfu sita. Tukapanda.

Asubuhi bandarini vijana wa kupiga debe walituvamia kabla mlango wa gari haujafunguka vizuri, kila mmoja ana tiketi, kila mmoja anajua njia ya mkato. Bibi aliinua mkongojo kidogo tu, usawa wa kiuno, wakatawanyika. Saa mbili tulikuwa ndani, tumekaa, goti limenyooshwa juu ya begi. Watu walipoanza kusukumana kwenye foleni ya kupanda, bibi alikataa kuinuka. Tulingoja mpaka wengi wapite. Kijana wa boti alikuja kututazama, akaiona hali, akatuambia twende taratibu, hawaondoki bila sisi.

Maji yalikuwa juu. Daraja lilikuwa na mwinamo mdogo tu, kama wa baraza ya nyumba yetu. Bibi alisimama mwanzoni mwake, akatazama chini kwenye maji ya kijani yanayopigapiga gati, akanitazama mimi, wala hakusema kitu. Akashika mkono wangu, akatanguliza mguu mgonjwa.

Tulipopita Chumbe bahari ilikuwa imeanza kuamka kidogo, siyo sana. Alikuwa ameinuka kunyoosha mguu, ameshika chuma cha dirishani. Nikamkumbusha kwamba daktari anamtaka Dodoma tena baada ya wiki sita kwa kliniki. Akatoa tasbihi yake mfukoni, akaanza kuhesabu siku kwa punje zake, midomo ikicheza.

"Hiyo itakuwa bamvua," akasema. "Mwambie daktari asogeze siku nne."